Bastola moja, mkono mmoja: funzo la shabaha kutoka mwambao wa Rumonge

Barabara kuu namba 3 ya Burundi hutoka Bujumbura na kushika kusini, milima kushoto na Ziwa Tanganyika kulia, hadi Rumonge, mwendo wa kilomita 75 hivi. Msafiri hajafika mbali, pale Mugere, kuna jiwe kubwa lenye majina mawili na tarehe: Livingstone, Stanley, 25 Novemba 1871. Wageni hupiga picha na kwenda zao. Wachache hujua kwamba mmoja wa watu hao wawili, alipoondoka Bagamoyo Machi ya mwaka huo, alibeba mchanganyiko wa silaha ambao mwalimu yeyote wa shabaha angeutikisia kichwa.

Orodha aliiandika Stanley mwenyewe katika kitabu chake cha safari. Kulikuwa na bunduki ya mitutu miwili, Winchester moja, Henry moja, Starr mbili, Jocelyn moja, bunduki ya tembo moja, rivolva mbili, magumegume 24 na bastola 6 za mtutu mmoja. Winchester na Henry zilijazwa risasi nyingi kwa mpigo. Gumegume lilitaka baruti, gololi na jiwe la kuwashia, kisha baada ya mlio mmoja mpigaji aanze upya. Kila aina ilikuwa na chakula chake, uzito wake na tabia yake. Aliyeamshwa usiku na kelele za hatari ilimbidi kwanza ajiulize ameshika ipi.

Karne moja na nusu baadaye, swali hilo halijaisha katika mwambao huu wala katika nchi jirani. Askari, mlinzi au raia mwenye leseni huamini kwamba akikosa shabaha, tatizo ni bastola aliyonayo. Hutafuta nyingine, mpya zaidi, nyepesi zaidi, yenye risasi nyingi zaidi. Makala hii inasema kinyume: anayetaka kuwa mlengaji achague bastola moja na abaki nayo miaka, na serikali inayompa askari wake bastola impe ya aina moja na muda wa kuizoea.

Mchanganyiko wa Kibamba

Ushahidi mzito kuliko wote katika ziwa hili uko ng'ambo, upande wa Kongo. Alfajiri ya 24 Aprili 1965 mashua kutoka Kigoma ilifika Kibamba ikiwa na kundi la kwanza la Wakuba waliokuja kuwasaidia waasi wa mashariki ya Kongo. Viongozi wao walipewa majina ya Kiswahili: Víctor Dreke aliitwa Moja, José María Martínez Tamayo akaitwa Mbili, na wa tatu, aliyekuja kwa siri, akaitwa Tatu. Huyo alikuwa Ernesto Che Guevara.

Kumbukumbu zake, alizoziandika katika ubalozi wa Kuba jijini Dar es Salaam baada ya safari hiyo kushindwa, zimejaa uchungu wa mtu aliyeona silaha nyingi na ustadi mdogo. Shehena zilivuka kutoka Kigoma na kumwagwa ufukoni bila mpango: mizinga isiyo na mabomu yake wala vipuri, bunduki zenye risasi zisizo zake, mabomu ya ardhini yasiyo na viwashio. Wapiganaji walikuwa na silaha za kisasa kuliko majeshi mengi ya msituni ya wakati huo. Lakini Che aliona wengi wakifumba macho na kukandamiza kifyatulio hadi risasi zote ziishe. Tumaini lao kubwa lilikuwa dawa ya mganga iliyoahidi kwamba risasi ya adui haitawapata.

Tarehe 29 Juni 1965 walishambulia kambi ya adui huko Bendera. Shambulio lilivurugika, Wakuba wanne wakafa, na wapiganaji wengi wakatawanyika. Tarehe 21 Novemba mwaka huohuo Tatu na wenzake walipanda mashua kurudi Kigoma.

Wanahistoria wana sababu nyingi za kushindwa huko: siasa, uongozi usiokuwepo uwanjani, makabila, ndege za adui, askari wa kukodiwa. Yote ni kweli. Hata hivyo mwalimu wa shabaha akisoma kurasa hizo ataona jambo lake pia. Mtu aliyepewa bunduki jana, ya aina ambayo jirani yake hana, yenye risasi za kubahatisha, hawezi kujifunza. Akikosa hajui kama kosa ni lake, ni la silaha au ni la risasi. Asipojua kosa liko wapi, hana cha kurekebisha.

Kwa nini bastola ni ngumu

Kati ya silaha za mkononi, bastola ndiyo ngumu kuliko zote kulenga nayo, ingawa sinema hutuonyesha vinginevyo. Bunduki ndefu hukaa begani, hushikwa kwa mikono miwili iliyoachana, na shavu huigusa. Bastola imeshikwa mbele ya mwili, hewani.

Tuchukue mfano wa Glock 17, bastola iliyoingia katika jeshi la Austria mwaka 1982 na leo imeenea kwa polisi wa nchi nyingi. Hata ikijaa risasi, uzito wake haufiki kilo moja. Lakini kifyatulio chake huhitaji nguvu ya kiasi cha kilo mbili na nusu. Maana yake kidole kinavuta kwa nguvu kubwa kuliko uzito wa kitu kinachovutwa. Mkono usiozoea huivuta bastola nzima pamoja na kifyatulio, na risasi huenda chini au pembeni.

Ongeza hesabu ya shule. Umbali kati ya alama ya kulengea ya nyuma na ile ya mbele katika Glock 17 ni milimita 165 hivi. Alama ya mbele ikipotoka kwa milimita moja tu, risasi itapotoka sentimita 6 kwa shabaha iliyo mita 10, na sentimita 15 kwa iliyo mita 25. Katika gati la Rumonge, kati ya mitungi ya mawese na makarai ya ndagala, sentimita 15 ndiyo tofauti kati ya jambazi na mama aliyekuja sokoni.

Kuidhibiti milimita hiyo hakuji kwa maelezo. Huja kwa kiganja kuzoea kishikio kilekile, kidole kujua kifyatulio kinaachia wapi, na jicho kuikuta alama ya mbele mahali pake bila kuitafuta. Mvuvi wa usiku aliyezeeka na wavu wake hujua kwa uzito wa kamba kama ndagala wameingia, kabla hajaona kitu. Ukimpa wavu wa mwenzake, usiku wa kwanza atakuwa mgeni.

Komeo linalopanda na komeo linaloshuka

Hatari ya kubadilisha bastola huonekana wazi kwenye komeo la usalama. Browning Hi-Power ni bastola ya Ubelgiji ya mwaka 1935, na Ubelgiji ndiyo iliyoitawala Burundi hadi 1962. Komeo lake likisukumwa chini kwa kidole gumba, bastola iko tayari kupiga. Ceska ya CZ 75, ambayo jina lake limezoeleka katika habari za polisi na mahakama za Kenya, inafuata mtindo huohuo: chini ni kupiga, juu ni usalama. Katika Beretta 92 inayotumiwa na majeshi mengi, kusukuma komeo chini huifunga bastola. Makarov ya Kirusi ya mwaka 1951 ina komeo lake juu, mahali palepale lilipo la Beretta, lakini hufanya kazi kinyume chake. Tokarev ya zamani haina komeo la kando kabisa. Glock nayo haina; usalama wake umo ndani ya kifyatulio.

Sasa mweke mbele ya hatari mtu aliyezoea Browning na leo amekabidhiwa Beretta. Gumba litashuka lenyewe, kama lilivyofundishwa, naye atakuwa ameifunga silaha yake akidhani ameifungua. Kinyume chake ni kibaya zaidi: mtu wa Beretta aliyeshika Ceska atashusha komeo akiamini ameiweka salama, kisha atairudisha alani ikiwa tayari kuua. Hofu haimpi mtu nafasi ya kukumbuka somo la darasani. Mkono hufanya uliyoyafanya mara nyingi.

Kifyatulio nacho kina hadithi yake. Katika Makarov, mvuto wa kwanza ni mzito na mrefu, wa pili na inayofuata ni myepesi na mifupi, kwa sababu nyundo tayari imerudi nyuma. Katika Glock mivuto yote inafanana. Anayerukaruka kati ya hizo mbili hufyatua mapema kwenye moja na kuchelewa kwenye nyingine.

Risasi zenyewe ni mtego. Makarov na Glock 17 zote huitwa bastola za milimita 9, lakini risasi ya Makarov ni nene kidogo na ganda lake ni fupi. Haziingiliani. Palipo na bastola za kila namna, kosa lilelile la shehena za Kigoma na Kibamba linasubiri siku yake.

Rumonge na silaha zake

Watu wa Rumonge hawahitaji kufundishwa ubaya wa silaha. Ghasia zilizoanza mwambao huu tarehe 29 Aprili 1972, na mauaji makubwa yaliyofuata nchi nzima, ziliwavusha wengi kwenda Tanzania, na baadhi hawakurudi hadi miaka ya 2000. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoanza 1993 vikaacha bunduki na mabomu ya kutupa kwa mkono majumbani. Ng'ambo ya maji kuna rasi ya Ubwari na nchi ya Fizi, ambako milio haijakoma. Wavuvi wa pande zote za ziwa wamelalamika mara nyingi kuporwa injini na nyavu na watu wenye silaha.

Polisi ya Taifa ya Burundi ilizaliwa katika mazingira hayo. Mkataba wa Arusha wa 28 Agosti 2000 ulitaka vyombo vipya vya usalama, na mwishoni mwa mwaka 2004 sheria ikaiunda polisi hiyo kwa kuunganisha jandarmeri, polisi wa zamani na wapiganaji waliotoka msituni. Watu waliokuwa wakiwindana wakavaa sare moja. Kila mmoja alikuja na mazoea ya silaha aliyoishi nayo, na kwa wengi silaha hiyo ilikuwa Kalashnikov.

Kalashnikov ni silaha ya vita vya uwandani. Risasi yake huua mtu aliye mamia ya mita mbali, na haisimami kwa yule iliyempiga kwanza. Kazi ya polisi sokoni, gatini na kwenye kituo cha magari hudai silaha ya karibu inayokaa alani na kuacha mikono huru kukagua kitambulisho au kumsaidia mtu. Ndiyo maana polisi wa nchi nyingi hubeba bastola. Lakini kumvua askari bunduki aliyoizoea na kumpa bastola asiyoijua ni kuongeza hatari. Anayehamia kwenye bastola anaanza darasa la kwanza, na darasa la kwanza lina kitabu kimoja.

Aina moja ya bastola kwa kikosi kizima huleta mengine pia. Mwalimu mmoja hufundisha wote. Fundi mmoja hujua ubovu wake, na vipuri vya bastola iliyokufa hutengeneza iliyo hai. Magazini ya mwenzako inaingia katika silaha yako. Na risasi ikipotea ghalani, ni rahisi kujua, kwa kuwa hesabu ni ya aina moja. Itifaki ya Nairobi ya 21 Aprili 2004, ambayo Burundi ni mmoja wa watia saini wake, ilizitaka nchi za ukanda huu kuzitia alama silaha zao na kuzihifadhia kumbukumbu. Kazi hiyo ni nyepesi ghalani mwenye utaratibu kuliko penye masalia ya kila vita.

Walio na leseni

Kwa raia, mfano wa karibu zaidi ni Kenya. Bodi ya Leseni za Silaha hutoa vibali, na Desemba 2018 serikali iliagiza wenye leseni wote wahakikiwe upya. Baadhi yao hushindana kwenye viwanja vya shabaha. Tanzania nayo ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Katika nchi hizi mbili risasi ni ghali, na mwenye bastola mbili huigawa bajeti yake ndogo mara mbili, akabaki mwanafunzi kwa zote.

Mashindano yenyewe yamelielewa jambo hili. IPSC, shirikisho la kimataifa la ulengaji wa bastola kwa vitendo lililoanzishwa 1976, linamtaka mshindani atumie bastola ileile na alama za kulengea za aina ileile kutoka hatua ya kwanza hadi ya mwisho ya shindano. Huwezi kuleta nyepesi kwa mbio na nzito kwa shabaha ya mbali.

Kisha kuna Yusuf Dikeç, Mturuki aliyejaza simu zetu Julai 2024 kwa ile picha ya Paris: fulana, miwani ya kawaida, mkono mfukoni. Wengi walidhani ni mtu aliyepita njiani akapewa bastola. Dikeç, askari mstaafu wa jandarmeri, alianza ulengaji mwaka 2001 na alikuwa amekwenda Olimpiki tangu 2008. Mkono mfukoni ni desturi ya mchezo huo, kwani bastola hushikwa kwa mkono mmoja na mwingine unahitaji mahali pa kutulia. Shabaha ya mita 10 ina kiini cha alama kumi chenye upana wa milimita 11.5, na medali ya fedha aliyoishinda pamoja na Şevval İlayda Tarhan ililipiwa na miaka zaidi ya ishirini ya kuinua mkono uleule.

Je, kubaki na moja si ufinyu?

Kuna hoja ya upande wa pili, nayo ina uzito. Vénuste Niyongabo, mzaliwa wa Vugizo katika milima ya kusini mwa Burundi, alijulikana duniani kama mkimbiaji wa mita 1,500. Atlanta 1996 alimwachia Dieudonné Kwizera nafasi yake katika mbio hizo, akaingia mita 5,000, masafa ambayo alikuwa ameyakimbia mara mbili tu katika mashindano, akaipatia Burundi dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki. Mbona yeye alibadilisha akashinda?

Alibadilisha baada ya kujenga. Kasi aliyomalizia nayo Atlanta aliichuma kwa miaka mingi ya mita 1,500. Mlengaji aliyekomaa katika bastola moja vilevile huizoea nyingine upesi, kwa sababu jicho, pumzi na kidole vimeshanyooka. Askari pia anatakiwa kujua kutoa risasi katika silaha yoyote atakayoikuta eneo la tukio, ili isimuue mtu. Huo ni ujuzi wa usalama, na unafundishwa kando. Kupiga shabaha kwa uhakika ni kazi nyingine, na lazima ianze na kimoja.

Namna ya kushikamana

Mwenye haki ya kubeba silaha achague bastola kwa ukubwa wa kiganja chake: kidole kifike kwenye kifyatulio bila kujinyoosha, na gumba lifikie vitufe bila mkono kugeuka. Achague ya aina ambayo risasi, magazini na fundi wake vinapatikana alipo. Jina kubwa halina faida kama kipuri kiko nje ya bara.

Akishachagua, abaki na ala moja, sehemu moja ya kiuno na risasi za aina moja. Sehemu kubwa ya mazoezi haihitaji risasi. Bastola ikaguliwe mara mbili kwamba ni tupu, risasi ziachwe chumba kingine, shabaha iwekwe kwenye ukuta usioweza kupenywa, kisha avute kifyatulio taratibu alama ya mbele isitikisike. Dakika kumi kila siku hushinda siku moja ya kelele kwa mwezi. Uwanjani aandike daftarini: umbali, idadi ya risasi, zimeangukia wapi. Kwa kuwa silaha ni ileile, daftari litamwonyesha makosa yake mwenyewe.

Kanuni za usalama hazibadiliki kwa bastola yoyote. Ihesabu kuwa ina risasi wakati wote. Usielekeze mtutu kwa usichotaka kukiharibu. Kidole kikae nje ya kifyatulio hadi umelenga. Jua kilicho nyuma ya shabaha yako. Nyumbani ifungiwe, mbali na watoto.

Wanaonunua silaha kwa ajili ya polisi na walinzi wa ukanda huu wachague bastola moja, kisha watenge fedha za risasi za mazoezi katika bajeti ileile. Mwenye leseni asinunue ya pili kabla hajaimudu ya kwanza. Na aliyeficha silaha ya vita chini ya kitanda au darini, awe Rumonge, Nyanza-Lac, Kigoma au Baraka, hana bastola ya kujifunzia. Raia wa Burundi walipewa muda wa kusalimisha silaha kwa hiari mwaka 2009, na maelfu waliitikia. Ambaye hakuitikia wakati ule apite kwa kiongozi wa mtaa, wa dini au polisi anayemwamini, aikabidhi. Silaha asiyoijua mwenyewe huanza kwa kuwaua wa nyumbani mwake.